Kuwa Na

Saa nane mchana, ghorofa ya pili,
wanafunzi mia mbili na arobaini wa kozi ya lazima.
Wa uhasibu wapo, wa takwimu wapo,
wa mazingira wamekuja na buti zenye tope la shambani,
na swali lao la kwanza ni lile lile la kila mwaka:
"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Nikawaambia kila kitu hutoka kwenye mtihani
isipokuwa jibu. Hawakucheka.
Upepo wa Dodoma ulikuwa na dirisha moja lisilo na komeo,
unalifunga, unalifungua, unalifunga,
kama mtu anayebishana na nafsi yake
na kila mara anashindwa.

Slaidi ya kumi na moja, kwa Kiingereza, iliuliza kuwapo ni nini.
Nilikuwa nimeisoma nusu umeme ukakatika.
Projekta ikahema, ikanyamaza,
na Kiingereza changu, sijui kwa nini, kikazimika nayo.

"Haya," nikasema katika kiza cha mapazia, "tuongee tu.
Nani ana kitu?"
"Mimi sina hata bumu," akajibu kijana wa nyuma,
ndipo ukumbi mzima ukacheka kicheko
cha wiki ya tano bila mkopo,
cha wali maharage ulioandikwa kwenye daftari la mama ntilie.

Nilifungua pazia. Chaki ilikuwa imebaki kama jino.
NINA, nikaandika. Chini yake: SINA.
Likateni neno kwenye fundo, kama muwa.
Ni: mimi. Na: pamoja.
Kipande kingine: si pamoja.
Kuna neno la kumiliki humo? Tafuteni.

Sechelela Mahinyila wa Hombolo,
ambaye tangu Oktoba hakuwahi kuinua mkono,
akauinua nusu, kama anayepima manyunyu.
"Baba alikuwa akisema ana mizabibu, ekari mbili.
Mwaka juzi ukaja ukungu, majani yakajikunja,
akaanza kusema hana.
Hakuuza, mwalimu. Hakuibiwa. Shamba lipo, hati ipo kabatini.
Ni mizabibu tu iliyoacha kuwa naye."

Wa uhasibu akasimama bila kuitwa:
hati ni hati, benki haiulizi nani yuko na nani!
Mwingine akamjibu, "Nina deni. Niko na deni.
Hilo mbona haliniachi?"
Na njaa je? Na homa? Na umri?
Wakazungumza wote kwa pamoja,
nami nikakaa juu ya meza, miguu ikining'inia,
nikiwaza jinsi mshahara wangu wa mwezi
ulivyo mgeni asiyelala.

Kisha Ndahani, wa safu ya mbele, mwenye sweta la Julai,
akauliza taratibu, akitazama kalamu yake:
"Na nikisema nilikuwa na mama?
Hapo nani ameacha kuwa na nani?"

Dirisha likafunga. Likafungua.
Miaka kumi na tisa ninafundisha somo hili
na sikuwa na jibu,
yaani jibu lilikuwa mahali fulani, si pamoja nami.
Nilimwambia hivyo hivyo. Akaandika.
Sijui aliandika nini.

Umeme ukarudi bila hodi.
Slaidi ya kumi na moja ikawaka ukutani
kama mgeni wa heshima aliyefika watu wanaosha masufuria.
Dakika nne zilikuwa zimebaki. Hakuna aliyeinakili.
"Sasa hii," akaanza yule wa nyuma, "ya bila slaidi..."
akajikatiza mwenyewe, akafunga begi.

Jioni bomba lilikohoa hewa tupu, siku ya tatu.
Jirani akaniita kutoka ng'ambo ya michongoma,
ndoo yake imeinamishwa kichwani kama kofia:
"Una maji?"
Nikasimama pale na lita zangu ishirini miguuni,
nikachelewa kujibu
hata akadhani namnyima.